Kanisa Kuu la Meksiko, Nyumba Iliyosimama Juu ya Tope

Mara kwa mara tunawasikia Wakristu wakinung'unika kwamba kanisa la parokia yao linakawia kwisha. Msingi umewekwa, kuta zimefika madirishani, kisha fedha zimekoma. Mvua zanyesha juu ya matofali, na watoto waliobatizwa mwaka ule wa jiwe la kwanza wamekwisha kuoa na kuolewa. Hao tungependa kuwachukua safari ya mbali, ng'ambo ya bahari, mpaka mji wa Meksiko. Huko limesimama kanisa kuu lililoanzwa kujengwa mwaka 1573 na kukamilika mwaka 1813. Hesabuni wenyewe: miaka 240. Aliyebeba jiwe la kwanza hakuliona la mwisho, wala mwanawe, wala mjukuu wake, wala kitukuu, wala kilembwe.

Lakini si urefu wa kazi peke yake uliotuvuta. Kanisa lile lilijengwa na watu walioshindwa vita, kwa amri ya mfalme wa mbali, mahali palepale walipokuwa wakiabudu miungu yao. Je, nyumba ya namna hiyo yaweza kuwa nyumba yao? Twajua kwamba swali hili halikuulizwa Meksiko tu.

Kwanza tuseme habari ya mahali penyewe, kwa kuwa shida zote za jengo lile zimetoka chini, katika udongo. Mji wa Meksiko uko juu sana, mita zipatazo 2,240 kutoka usawa wa bahari. Bukavu yetu, tunayoihesabu kuwa ya milimani, iko chini yake kwa mamia ya mita. Milima imeuzunguka mji pande zote, na mmoja wao, Popocatépetl, ni volkano itoayo moshi hata leo. Maji ya mvua hayakuwa na njia ya kutoka katika bonde lile, kwa hiyo yalikusanyika yakafanya maziwa. Ndani ya ziwa mojawapo, lililoitwa Texcoco, palikuwa na kisiwa, na juu yake Waazteki walijenga mji wao Tenochtitlan, mwaka 1325 kama mapokeo yasemavyo. Njia zao nyingi zilikuwa mifereji ya maji, nao walitembeleana kwa mitumbwi. Mashamba yao yalikuwa vitalu vya udongo vilivyoinuliwa majini, na mazao yake yalikuwa mengi kweli. Katikati ya mji palisimama hekalu kubwa la mawe, lililopanda ngazi kwa ngazi kama mlima, na juu yake damu ya watu ilimwagwa kwa miungu ya mvua na ya vita.

Mwaka 1519 Wahispania walifika, wakiongozwa na Hernán Cortés. Tarehe 13 Agosti 1521, baada ya mji kuzingirwa kwa miezi na watu kufa kwa njaa na ndui, Tenochtitlan ulianguka. Makabila mengine mengi, yaliyokuwa yamechoka kuwalipa Waazteki kodi, yaliwasaidia Wahispania. Bila wao Cortés asingalishinda. Washindi wangeweza kuchagua mahali pakavu kwa mji wao mpya. Hawakufanya hivyo. Walitaka kila mtu aone kwamba utawala umebadilika mikono, kwa hiyo walijenga palepale, juu ya kisiwa na juu ya mabomoko, wakayatumia mawe ya mahekalu kwa nyumba zao.

Kanisa la kwanza lilikuwa dogo, nalo lilijengwa kati ya mwaka 1524 na 1532. Papa Klementi VII aliufanya mji kuwa makao ya askofu mwaka 1530, na askofu wa kwanza alikuwa Mfransiskani, Juan de Zumárraga. Mwaka 1546 Papa Paulo III aliipandisha jimbo hilo kuwa jimbo kuu. Mpaka leo, katika uwanja ulio mbele ya kanisa kuu, mgeni aweza kuona vitako vya nguzo za kanisa lile la kwanza. Ni mawe ya Waazteki yaliyochongwa upya. Tuliyatazama kwa muda mrefu kuliko tulivyotazama dhahabu ya ndani. Jiwe moja limetumikia ibada mbili, na watu waliolichonga mara ya kwanza na mara ya pili walikuwa wa ukoo mmoja.

Kanisa hilo dogo halikuwatosha Wahispania. Mwaka 1552 ilitoka amri ya mfalme kwamba lijengwe lingine kubwa. Gharama iligawanywa sehemu tatu: sehemu moja italipwa na mfalme, nyingine na Wahispania waliopewa vijiji na kazi za wenyeji, na ya tatu na wenyeji wenyewe. Mtu asomaye haraka aweza kusema mgawanyo huo ni wa haki. Lakini tukumbuke kwamba mali ya wale Wahispania ilitoka katika jasho la vijiji vyao, na hazina ya mfalme ilijazwa kwa kodi na fedha za migodi ya nchi ileile. Basi sehemu zote tatu, ukizifuata mpaka chemchemi yake, zafika katika mikono ileile. Tena mikono hiyo ndiyo iliyochimba, iliyobeba na iliyojenga. Vijiji vya kandokando vilitakiwa kutoa watu kwa zamu, juma kwa juma, kwa ujira mdogo. Wazee wetu waliobeba matofali ya misioni vichwani wanaijua habari hii bila kufundishwa.

Askofu Mkuu wa pili, Alonso de Montúfar, alitamani kanisa lenye ukubwa wa lile la Sevilla katika Hispania, ambalo ni mojawapo ya makanisa makubwa kupita yote duniani. Ardhi ilikataa. Kila walipochimba, maji yalitokea. Hatimaye walipunguza vipimo, kisha wakafanya kama Waazteki walivyokuwa wakifanya tangu zamani: walipigilia miti maelfu na maelfu ndani ya tope, karibu-karibu, na juu ya miti hiyo wakatandika jukwaa zito la mawe na chokaa, pana kuliko kanisa lenyewe. Ujuzi huo wa kujenga juu ya ziwa haukutoka Ulaya. Ulikuwa wa wenyeji. Kwa kuta na madari walitumia pia jiwe la nchi liitwalo tezontle, jiwe la volkano, jekundu, lenye matundu, tena jepesi. Wasomaji wetu wa Goma wasihangaike kulifikiri. Wanakanyaga ndugu yake mweusi kila siku.

Mwaka 1573, Askofu Mkuu akiwa Pedro Moya de Contreras, kazi ya kuta ilianza. Mjenzi mkuu alikuwa Claudio de Arciniega, aliyechora ramani, na baada yake wengi walishika usukani kwa zamu. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1576, lilikuja pigo la maradhi ambalo wenyeji waliliita cocoliztli. Watu walitokwa na damu puani wakafa kwa wingi usiohesabika, na maradhi yaliendelea mpaka mwaka 1581. Vijiji vilivyokuwa vikitoa wafanya kazi vilibaki vitupu. Ni rahisi kuandika kwamba «kazi ilikwenda polepole». Ilikwenda polepole kwa sababu wafanya kazi walikuwa makaburini.

Hata hivyo kuta zilipanda. Sakristia ilimalizika mwaka 1623, na miaka michache baadaye kanisa la zamani lilibomolewa, Misa ikasomwa ndani ya sakristia. Ndipo ulipotokea msiba wa maji. Siku ya Mtakatifu Matayo, tarehe 21 Septemba 1629, mvua kubwa ilinyesha bila kukoma, na ziwa likarudi kudai mahali pake. Mji wote ulifunikwa na maji, nayo hayakuondoka kwa muda wa miaka mitano, mpaka mwaka 1634. Nyumba za udongo za wenyeji ziliyeyuka, watu wengi walikufa, na wenye uwezo walihamia miji mingine. Misa zilisomwa barazani na juu ya mapaa, waamini wakisikiliza kutoka mitumbwini. Askofu Mkuu Francisco Manso y Zúñiga aliamuru sanamu ya Mama yetu wa Guadalupe iletwe kwa mtumbwi kutoka kilima cha Tepeyac. Ndiyo sanamu ambayo, kwa mapokeo ya Kanisa, Bikira Maria aliiacha mwaka 1531 katika joho la mwenyeji Juan Diego, aliyetangazwa Mtakatifu na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Ilikaa mjini muda wote wa maji.

Katika miaka ile ilitolewa shauri la kuuhamisha mji mahali pakavu. Shauri lilikuwa la akili. Lakini waliokuwa na majumba ya mawe walihesabu hasara yao, wakakataa. Nasi twaona kwamba maamuzi mengi ya serikali hufanyika hivyo hata leo. Mji ulibaki, na kanisa pia.

Kanisa liliwekwa wakfu mara mbili kabla halijakwisha: tarehe 2 Februari 1656, na tena tarehe 22 Desemba 1667, madari ya ndani yalipokamilika. Watu hawakungoja minara ndipo wasali. Jambo hili tunalipenda sana.

Hapa tuingie kidogo ndani ya sakristia, maana humo yamo mambo yanayotuhusu sisi Waafrika. Kuta zake zimefunikwa kwa picha kubwa mno, kutoka sakafuni hadi darini, zilizopakwa rangi na watu wawili katika miaka ya 1680 na mwanzo wa miaka ya 1690. Mmoja ni Cristóbal de Villalpando. Mwingine ni Juan Correa, aliyezaliwa mwaka 1646 mjini Meksiko. Baba yake alikuwa mganga chotara kutoka Cádiz, na mama yake alikuwa mwanamke mweusi aliye huru. Kati ya mwaka 1595 na 1640 merikebu za Wareno zilipeleka maelfu ya watu weusi katika nchi ile wakiwa watumwa, wengi wao kutoka Luanda na pwani za Kongo na Angola. Hatusemi kwamba mama wa Correa alitoka kwetu. Twasema tu kwamba mwana wa mama mweusi, katika mji ambao weusi wengi waliuzwa sokoni, ndiye aliyepewa ukuta wa sakristia ya kanisa kuu ili aandike juu yake Kupalizwa kwa Bikira Maria mbinguni na Kuingia kwa Yezu Yerusalemu. Jina la kanisa lenyewe ni Kupalizwa kwa Bikira Maria. Yaani picha ya somo wa nyumba aliichora yeye.

Na ndani ya kanisa lenyewe umo msalaba mmoja ambao waamini huuheshimu sana, wenye Kristu mweusi. Huitwa Bwana wa Sumu. Watu husimulia kwamba sanamu ilikuwa nyeupe, ikageuka nyeusi kwa kuinyonya sumu iliyokuwa imekusudiwa kumwua mtu mwema aliyekuwa akiibusu. Hiyo ni hadithi ya watu, na kila mmoja na aipokee apendavyo. Sisi tuliona mishumaa mingi mbele yake, na mabibi waliopiga magoti.

Altare ya Wafalme, nyuma kabisa, ni kazi ya Jerónimo de Balbás, mchongaji kutoka Hispania, aliyeianza mwaka 1718. Ilimalizika mwaka 1737. Ni pango la dhahabu. Mtu husimama mbele yake akakosa mahali pa kuanzia kutazama. Tukisema kweli, sisi ilituchosha macho. Vinanda viwili vikubwa, vinavyotazamana juu ya viti vya kwaya, vilitupendeza zaidi; kimoja kililetwa kutoka Hispania mwishoni mwa karne ya 17, na cha pili kilitengenezwa Meksiko katika miaka ya 1730, nacho kilifuatisha kile cha kwanza.

Minara ilingoja mpaka mwisho wa karne ya 18. Kazi hiyo alipewa José Damián Ortiz de Castro, mzaliwa wa nchi ileile, naye aliikamilisha mwaka 1791 kwa kuweka juu ya kila mnara kifuniko chenye umbo la kengele. Kengele iliyo kubwa kupita zote, iitwayo Santa María de Guadalupe, yasemekana ina uzito wa tani 13. Na nyingine moja ina kisa cha kuchekesha na kuhuzunisha pamoja. Katika karne ya 20 ilimpiga kijana mmoja mgonga kengele aliyekuwa bado hajazoea kazi, akafa. Basi kengele ile ikahukumiwa: iliondolewa ulimi, ikapigwa alama ya msalaba, ikakaa kimya miaka mingi. Katika mwaka wa Yubilei 2000 ilisamehewa ikarudishiwa ulimi wake.

Wakati minara inamalizwa, uwanja wa mbele ulikuwa ukisawazishwa kwa amri ya makamu wa mfalme. Tarehe 13 Agosti 1790, siku ileile ya ukumbusho wa kuanguka kwa Tenochtitlan, majembe yaligonga sanamu kubwa ya mungu wa kike Coatlicue. Tarehe 17 Desemba mwaka uleule lilitokea jiwe la duara lenye uso wa jua katikati, ambalo leo hujulikana duniani kote. Miaka 270 walikuwa wamekwisha kubatizwa, na mababu walikuwa bado wamelala chini ya miguu yao. Sanamu ya Coatlicue ilizikwa tena katika uwanja wa chuo kikuu. Lakini lile jiwe la jua halikuvunjwa wala kufichwa: liliegemezwa ukutani kwa nje, katika mnara wa magharibi wa kanisa kuu, likakaa hapo hadi mwaka 1885 lilipopelekwa katika nyumba ya makumbusho. Kwa muda wa karibu karne moja waamini walilipita jiwe hilo kila Dominika walipokuwa wakienda Misa. Wako watakaoona haya kuwa kashifa. Sisi twaona kwamba aliyeliweka pale alikuwa na busara kuliko wale waliovunja mengine.

Ortiz de Castro alikufa mwaka 1793. Manuel Tolsá, mzaliwa wa jimbo la Valencia katika Hispania, ndiye aliyemaliza: aliinua kuba, akaweka vizuizi vya mawe kuzunguka paa ili kuziunganisha sehemu zilizojengwa na vizazi mbalimbali, na juu ya saa ya mbele akasimamisha sanamu tatu, Imani, Matumaini na Mapendo. Mwaka 1813 kazi ilitangazwa kuwa imekwisha. Tazameni majira yalivyo: Padri Miguel Hidalgo alikuwa amekwisha kuwaita watu wavunje utawala wa Hispania, tarehe 16 Septemba 1810, naye alikuwa amekwisha kuuawa mwaka 1811. Wahispania walimaliza kanisa lao katika miaka ileile walipokuwa wakipoteza nchi. Mwaka 1821 Meksiko ilijitawala, na mwaka 1822 Agustín de Iturbide alivikwa taji la kaisari ndani ya kanisa lile. Mifupa yake iko humo, katika kanisa dogo la Mtakatifu Filipo wa Yezu, mzaliwa wa Meksiko aliyekufa shahidi huko Nagasaki mwaka 1597.

Nyumba ikikwisha kujengwa ndipo huanza kutunzwa. Mwaka 1926 serikali ilipowabana mapadri kwa sheria kali, maaskofu walisimamisha ibada katika makanisa yote ya nchi. Altare zilikaa bila Misa mpaka mwaka 1929. Kisha usiku wa tarehe 17 Januari 1967 moto ulizuka ndani ya kanisa kuu. Altare ya Msamaha, iliyo karibu na mlango mkuu, iliungua pamoja na sehemu kubwa ya viti vya kwaya. (Wenzetu wa Goma wataikumbuka tarehe hiyo kwa sababu yao: ilikuwa 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka, na moto wake ukaliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu.) Huko Meksiko yalizuka mabishano makali. Wengine walisema: yaliyoungua yaachwe, tujenge altare za kisasa. Wengine walisema yarudishwe kama yalivyokuwa. Hawa wa pili walishinda, na mafundi wakachonga upya, kipande kwa kipande.

Lakini adui mkubwa hakuwa moto. Alikuwa tope. Mji ulipokua, ziwa lilikaushwa, na watu wakaanza kuvuta maji ya kunywa kutoka chini ya ardhi. Udongo uliokuwa umejaa maji kama sifongo ukaanza kujikunja. Katika karne ya 20 katikati ya mji palishuka zaidi ya mita 7. Kama kanisa lingeshuka lote sawasawa, lisingedhurika. Lakini chini yake yamezikwa majengo ya Waazteki. Pale yalipo, udongo ulikuwa umekwisha kukandamizwa na uzito wao wa zamani, haushuki sana. Pale yasipokuwapo, hushuka kwa kasi. Hivyo mahekalu yaliyozikwa yalikuwa yakilivunja kanisa kutoka chini, kimya-kimya. Wajenzi wa kwanza walikwisha kuona jambo hilo wakati wao, ndiyo sababu nguzo hazilingani urefu: walirefusha upande uliokuwa ukizama, ili dari likae sawa. Kufika mwaka 1989, pembe moja ilikuwa imeshuka zaidi ya nyingine kwa mita 2 na sentimeta 42, na nyufa zilikuwa zimefunguka darini.

Dawa waliyoitumia wahandisi ilitushangaza. Kati ya mwaka 1993 na 1998 walichimba visima zaidi ya 30 ndani na kandokando ya kanisa, vikashuka mpaka chini ya msingi. Kutoka visimani walipenyeza mabomba pembeni, wakawa wakitoa udongo kidogo kidogo chini ya zile sehemu zilizobaki juu, ili nazo zishuke. Hawakujaribu kuinua kilichozama; walikishusha kilichogoma. Baadaye kidogo mbinu hiyohiyo ya kutoa udongo ilitumika Italia kuunusuru mnara wa Pisa. Kanisa halikunyooshwa kabisa. Hilo halikuwa kusudi lao. Walitaka lishuke pamoja, sehemu zote kwa mwendo mmoja.

Mgeni huyatambua haya kwa miguu kabla ya macho. Sakafu yashuka, na mtu atembeaye kutoka altare moja hadi nyingine huhisi kama yumo ndani ya merikebu. Katikati, kutoka kuba, lananing'inia timazi refu, lilelile la waashi wetu ila kubwa zaidi, na sakafuni chini yake imechorwa njia ya mwendo wa kanisa kwa miaka na miaka. Tuliwakuta watoto wa shule wamelizunguka pamoja na mwalimu wao. Walikuwa wana wa nchi, nyuso zao ni za watu wale wa Tenochtitlan. Mwalimu alikuwa akiwaonyesha kwa kidole mstari ule, mahali kanisa lilipokuwa na mahali lilipofika. Mmoja aliuliza jambo, wote wakacheka, kisha wakaenda kupiga magoti mbele ya Bwana wa Sumu kama watu waliomo nyumbani mwao. Kwa lile swali tulilolitaja mwanzoni, hatukuuliza zaidi.

Mwezi wa Oktoba 2007, mafundi waliokuwa wakitengeneza mnara mmoja walikuta sanduku la risasi ndani ya tufe la jiwe lililo chini ya msalaba. Lilikuwa na tarehe 14 Mei 1791. Ndani yake mlikuwa na medali, sarafu, misalaba midogo ya majani ya mitende na hati ya ngozi, vilivyowekwa pale kuulinda mnara na dhoruba. Wajenzi walipanda juu kabisa wakaficha sala yao mahali ambapo hapana jicho lingeiona, nayo ilikaa humo miaka 216.

Tarehe 19 Septemba 2017 tetemeko kubwa la nchi liliutikisa mji. Kanisa lilisimama. Sanamu moja ya Tolsá, iliyokuwa juu ya saa, ilianguka uwanjani ikavunjika vipande; ilikuwa ile ya Matumaini. Imani na Mapendo zilibaki mahali pao. Mji bado wavuta maji chini ya ardhi, udongo bado washuka, na wahandisi hawajaacha kupima.